Mkoba wa Mganga na Daftari la Tabibu

(Maneno yaliyosemwa na tabibu wa zahanati mbele ya Wakristo na waalimu, katika Sikukuu ya Yubile ya Dayosisi)



Nimeagizwa kunena habari za kuuguza wagonjwa. Historia ya zahanati zetu wako waijuao kuliko mimi, nao wamekwisha kuisimulia asubuhi hii. Mimi nitasema habari moja tu niijuayo yakini, nayo ni yangu mwenyewe: jinsi nilivyoacha uganga wa miti shamba nikawa tabibu. Siisemi kwa kujisifu, maana, kama mtakavyosikia, mwanzo wake ni aibu.

Nalizaliwa katika milima ya Usambara, si mbali na Amani. Babu yangu, mzaa baba, alikuwa mganga, naye alinichagua katika wajukuu wake nimfuate porini. Alinifundisha mwarobaini na mshubiri, na mizizi mingine mingi ambayo majina yake nayajua kwa Kishambaa tu. Alikuwa mtu mwema, hakuwadanganya watu. Alipokaribia kufa alinipa mkoba wake mbele ya ukoo. Wakati ule nalikuwa nimemaliza kidato cha nne, lakini masomo ya sayansi yalikuwa yamenishinda. Basi nikashuka mjini na mkoba wangu, nikafungua duka la dawa.

Kazi ikastawi. Serikali ilikuwa imetunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002, na watu waliona kwamba uganga ni kazi ya heshima kama kazi nyingine. Juu ya majani ya babu nikaongeza unga na mafuta kutoka nchi za mbali, niliyoyanunua kwa wachuuzi. Kila chupa ilikuwa na karatasi yenye kutaja maradhi kumi iliyoweza kuyaponya. Sikuuliza ni nani aliyeyahakikisha maneno yale. Watu walikuja, wakapona, wakarudi kunishukuru, mwingine na kuku mkononi. Nami nikaamini kwamba mimi ni mganga hodari.

Hata mwaka 2006, wakati wa masika, akaja mama mmoja amembeba binti yake wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa na homa kali, na degedege ilikuwa imemshika njiani. Jirani zake walikuwa wamemwambia aende zahanati, naye akakataa, kwa kuwa alisikia tangu utoto wake kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Akaniuliza, "Mganga, si kweli?" Nami nikamjibu, "Ni kweli, mama. Mwache hapa."

Nalimfukiza mtoto, nikamwosha kwa maji ya majani kama nilivyofundishwa. Mtukutiko ukakoma. Nikasema, "Amepona." Sikujua wakati ule kwamba mtukutiko wa degedege mara nyingi hukoma wenyewe, na ugonjwa ulioleta mtukutiko ungalimo mwilini. Usiku wa pili degedege ikarudi. Siku ya tatu alfajiri tukamwita mtoto kwa jina lake, hakuamka. Ndipo tulipomchukua kwa baiskeli mpaka zahanati. Tabibu wa pale, mzee mwenye mvi, alimtoa damu kidoleni, akaitazama kwa darubini, akamchoma sindano ya kwinini, akampeleka hospitali kwa gari saa ile ile. Ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Mtoto aliishi, lakini tangu siku ile hasikii.

Baada ya juma moja nikaenda kwa yule mzee. Nalidhani atanigombeza, na moyoni nalikuwa nimekwisha kutengeneza majibu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, akanipa kiti, akasema, "Mganga mwenzangu, nataka kukuuliza. Siku uliyompokea yule mtoto, alikuwa akivuta pumzi ngapi kwa dakika?"

Nikasema, "Sikuhesabu, mzee."

"Aliweza kunywa?"

"Sikumjaribu."

"Haya. Tangu mwaka kuanza, umepokea watoto wangapi wa degedege?"

"Wengi."

"Na waliopona?"

"Wengi, mzee."

"Wengi ni wangapi?"

Nikanyamaza. Akafungua daftari lake mezani, nikaona jina la kila mgonjwa, na umri wake, na kijiji chake, na ugonjwa, na dawa aliyopewa, na mwisho wake. Penginepo paliandikwa, "Amefariki." Akaweka kidole hapo, akasema, "Na hawa niliwapa dawa mimi. Nawaandika ili nisijidanganye."

Ndugu zangu, nalirudi nyumbani nisiweze kula. Katika mkoba wa babu mlikuwamo dawa nyingi, lakini hamkuwamo hesabu. Niliowajua ni wale waliorudi na kuku. Waliokufa hawakurudi, na ndugu zao hawakuja kunipa habari. Walizika kimya, wakasema ni siku zake. Basi kila mwaka nilihesabu shukrani, wala sikuhesabu makaburi. Mtu ahesabuye hivyo hawezi kujua kama dawa yake yaponya au haiponyi, hata awe na moyo mwema namna gani.

Tena nikafahamu asili ya ile hofu ya sindano. Mama zetu si wapumbavu, walisema waliyoyaona. Mtoto wa degedege alikaa kwa mganga siku mbili, tatu. Alipokuwa karibu kufa ndipo alipopelekwa hospitali, akachomwa sindano, akafa. Jambo la mwisho waliloliona ni sindano, basi wakaishika sindano kuwa ndiyo iliyoua. Kumbe zilizoua ni zile siku mbili, tatu. Na siku zile zilikuwa zangu mimi na wenzangu.

Nikaenda kwa yule mama, nikamwambia kweli yote: kwamba kosa ni langu, si la degedege wala la Mungu. Alikaa kitambo bila kusema. Kisha akanena, "Kama ni kweli, basi kasome, usije ukamfanyia mwingine." Habari hii naisema leo kwa ruhusa yake na ya binti yake.

Kusoma hakukuwa kwepesi. Ilinilazimu kurudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, katika fizikia, kemia na biolojia, hali mimi ni mtu mwenye mke na watoto wawili. Mwalimu mmoja wa sekondari alinifundisha jioni bila malipo. Waalimu mlio hapa, msidharau jioni zenu. Kemia ilinishinda mara ya kwanza, nikaipata ya pili. Duka nikaliuza. Baba mdogo akaniambia mbele ya watu, "Mkoba wa baba yetu umeutupa kwa ajili ya koti jeupe." Neno lile liliniuma, nami sikuwa na jibu. Mwaka 2009 nikaingia chuo cha utabibu, nikakaa darasani na vijana wa miaka 18, waliokuwa wakiniita "Babu." Baada ya miaka mitatu nikapata stashahada.

Wengine huuliza, tabibu ni nani, maana daktari si daktari, na muuguzi si muuguzi. Tabibu ni yule apimaye wagonjwa, atambuaye ugonjwa, atoaye dawa katika zahanati na vituo vya afya ambako daktari hayuko, na ajuaye ni lini ampeleke mgonjwa mbele. Kenya wako maafisa wa kliniki, kazi yao ni hiyo hiyo. Marekani nako wako wasaidizi wa madaktari, wafanyao kazi pamoja na madaktari. Chuo chao cha kwanza kilianzishwa mwaka 1965 na Dk. Eugene Stead katika Chuo Kikuu cha Duke, na wanafunzi wanne wa kwanza walikuwa watu waliokwisha kuuguza wagonjwa katika jeshi la majini. Nalifurahi niliposoma habari hiyo. Hao nao hawakuanza kama watoto. Walikuja na ujuzi mikononi, wakakubali kufundishwa upya.

Na huko chuoni nikapata jibu la kumpa baba mdogo. Naliambiwa kwamba kwinini hutoka katika gome la mti uitwao sinkona, na kwamba Wajerumani waliupanda mti ule Amani, katika milima yetu wenyewe. Basi ile sindano tuliyoiogopa ilikuwa na dawa ya mti ndani yake! Kadhalika dawa mseto ya malaria tuitoayo leo asili yake ni mmea wa Artemisia. Mama mmoja wa China, jina lake Tu Youyou, alisoma katika kitabu cha kale kwamba majani yake hulowekwa katika maji na kukamuliwa. Hayakuandikwa kuchemshwa. Akafahamu kwamba moto huiharibu dawa. Akaitoa kwa njia isiyo na moto mkali, na mwaka 1972 yeye na wenzake wakapata ile dawa yenyewe, safi. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Babu yangu angemsikiliza mama yule usiku kucha. Ila yeye alipima, na sisi hatukupima. Chai ya majani yale haina kipimo: kikombe hiki kina dawa nyingi, kile kina kidogo, na vijidudu visivyokufa hujifunza kuishinda dawa. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani halikubali majani yenyewe yatumiwe kutibu malaria.

Tena daftari halimwonei mtu haya, hata hospitali yenyewe. Tangu mwaka 2005 hata 2010, katika nchi tisa za Afrika, nayo Tanzania imo, na Muheza yetu imo, madaktari waliilinganisha kwinini na artesunate, dawa ya sindano itokayo katika mmea ule ule wa Artemisia. Watoto wenye malaria kali 2,713 walipewa kwinini, wakafa 297. Wengine 2,712 walipewa artesunate, wakafa 230. Kwinini ilikuwa imeheshimiwa miaka mamia; lakini makaburi yalipohesabiwa, ikaondoka mahali pa kwanza. Siku nilipoisoma hesabu ile nalimkumbuka yule mzee na kidole chake juu ya daftari.

Je, niliutupa mkoba wa babu? La. Babu alijua kukaa chini na mgonjwa, na kumsikiliza mpaka maneno yake yaishe, na kuuliza habari za nyumba yake. Hayo nayatumia kila siku, na chuoni sikufundishwa na mtu yeyote kuliko nilivyofundishwa naye. Mkoba wenyewe umetundikwa katika chumba changu. Na waganga walio katika kata yetu ni rafiki zangu. Siendi kwao kuwatukana, maana najua watu huwaendea kwanza. Nawaambia neno moja tu: mtoto wa degedege msikae naye hata saa moja. Wengi hunisikia, na mara nyingi mganga huja mwenyewe na mtoto mgongoni. Hapo huandika katika daftari, "Ameletwa na mganga," kwa furaha.

Sasa ninayo maneno mawili kwenu, kisha nikae.

La kwanza ni kwa wazazi wote. Zipo dalili nne ambazo, mkiziona kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, msingoje kesho: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ameshikwa na degedege, amelegea au haamki. Tena hesabuni pumzi zake dakika nzima, akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11, zikifika 50, na mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano, zikifika 40, huenda ana ugonjwa wa mapafu. Mleteni upesi. Sindano haiui mtoto. Kuchelewa ndiko kuuako.

La pili ni kwenu, waalimu. Wafundisheni watoto kuhesabu kuku waliorudi jioni, lakini wafundisheni pia kuuliza, ni wangapi waliotoka asubuhi. Na akija kwenu mtu mzima ambaye mtihani ulimshinda zamani, anaona haya, ana daftari kwapani, msimcheke. Mpeni kiti. Huenda amekuja kwa sababu ya mtoto asiyesikia.

Binti yule sasa ni mtu mzima, ni fundi wa kushona. Koti hili nililovaa leo amelishona yeye. Nalipokwenda kulichukua nikataka kumlipa zaidi ya bei, akakataa. Akanionyesha kwa vidole bei ilivyo, nami nikalipa hiyo.

Mungu azibariki zahanati zetu na wote wafanyao kazi ndani yake.