Damu Baada ya Kuondolewa Kinyama cha Utumbo



Jambo tulilokuja kulizungumza huonewa haya, na kwa haya hiyo watu huchelewa. Mgonjwa aliyeondolewa kinyama katika utumbo mpana, kile madaktari wanachokiita polipu, hutoka hospitali bila mshono wala kidonda cha kuonekana. Wiki moja baadaye, nyumbani kwake Mji Mkongwe au Makunduchi, anaona damu chooni. Husema ni bawasiri, akanyamaza.

Damu hiyo yatoka wapi? Kinyama hukatwa kwa kitanzi cha waya, mara nyingi chenye kupitishwa umeme, na palipokatwa hubaki kidonda chenye gaga. Gaga hilo huanguka baadaye, aghalabu ndani ya siku 14. Iwapo mshipa ulio chini yake haujaziba sawasawa, damu hutoka. Hatari huzidi kinyama kikiwa kikubwa, khasa kinachopindukia sentimita 1, au mgonjwa akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama vile warfarini.

Hapa ndipo linapotuhusu sisi wa Wakala wa Chakula na Dawa. Mtu anaumwa na mgongo, anakwenda Darajani, ananunua diklofenaki au aspirini, wala hamwambii muuzaji kwamba amekatwa kinyama juzi. Muuzaji naye haulizi; kosa si la mnunuzi peke yake. Aspirini hudhoofisha chembe sahani, zile zinazoanza kuziba jeraha, kwa umri wake wote wa siku 7 hadi 10. Kwa maumivu ya kawaida, muulizeni mfamasia juu ya parasetamoli. Lakini aliyeandikiwa aspirini au warfarini kwa ajili ya moyo asiiache kwa kauli yetu, kwani kuiacha kwaweza kuleta kiharusi. Amuulize daktari, kabla hajatoka hospitali, ni siku gani airudie dawa yake.

Matone machache siku ya kwanza si ajabu. Damu nyingi, mabonge, choo cheusi chenye kunata kama lami, kizunguzungu au moyo kwenda mbio: msingoje asubuhi, wala boti ya kumrudia daktari wa Dar es Salaam. Nendeni Mnazi Mmoja au hospitali iliyo karibu, na mchukue dawa zenu zote, pamoja na mlizojinunulia. (Vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi, ndiyo maana daktari hutaka kuziona paketi.) Mara nyingi mshipa huzibwa kwa kibanio kidogo kinachopitishwa pamoja na kamera, bila kupasua tumbo.