Ubalozi: Asili ya Neno na Haki ya Aliye Ugenini

Neno ubalozi, linaloundwa kwa kiambishi u- na nomino balozi, hutaja kwa pamoja kazi ya mtu aliyetumwa kuiwakilisha dola yake ugenini na ofisi anamofanyia kazi hiyo.

Asili ya balozi ni Venice, jamhuri ya wafanyabiashara wa baharini, ambayo mwakilishi wake mjini Constantinople aliitwa bailo, jina lililotokana na neno la Kilatini baiulus, yaani mchukuzi wa mizigo. Waturuki walipouteka mji huo mwaka 1453, mkataba wa mwaka uliofuata uliiruhusu Venice kuendelea kumweka bailo wake hapo, naye akaitwa balyos kwa Kituruki. Kisha neno likaenea hadi Iraki na Ghuba, ambako mwakilishi wa Uingereza aliitwa balyoz, na hatimaye likafika Zanzibar, iliyokuwa na konseli, yaani balozi mdogo, wa Marekani tangu mwaka 1837 na wa Uingereza tangu 1841.

Bailo hakuwa mpeleka salamu tu, kwani aliamua kesi za Wavenice, alilinda biashara yao na kuwakomboa waliotekwa. Maana hiyo ya kuwatumikia watu ingali hai Tanzania, ambako balozi wa nyumba kumi ndiye kiongozi ambaye mlango wake hugongwa kwanza jirani anapopatwa na shida.

Sheria ya kimataifa nayo imefuata mkondo huohuo. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unautaja ulinzi wa raia kuwa miongoni mwa kazi za ubalozi, na unawakataza maafisa wa nchi mwenyeji kuingia katika jengo lake bila idhini ya mkuu wake, ingawa ardhi ya jengo hilo, kinyume cha inavyodhaniwa na wengi, hubaki kuwa ya nchi mwenyeji. Mkataba wa mwaka 1963, unaohusu ubalozi mdogo, yaani ofisi ya konseli, unampa mgeni aliyekamatwa haki ya kuomba ofisi ya nchi yake ijulishwe bila kuchelewa.

Kila anayeishi ughaibuni, awe Mtanzania, Mkenya au Mkongomani, na ajiandikishe ubalozini kwake mapema na kuihifadhi namba ya simu ya ubalozi huo, kwa sababu ofisi hiyo iliwekwa kwa ajili yake pia, wala si kwa wakubwa peke yao.