Neno la Siri Hubadilishwa, Jicho Halibadilishwi



Leo tuongee kuhusu hiyo simu uliyoishika hivi sasa. Usiogope, sikuambii uitupe. Nataka tu ujue unapoitumia unatoa nini.

Mnakumbuka foleni za KICC, Nairobi, mwaka 2023? Vijana walisimama kwa masaa wakingoja kampuni ya Worldcoin iwaskani mboni za macho. Malipo yake ni sarafu za kidijitali za thamani ya kama shilingi 7,000. Simlaumu aliyekwenda. Hali ilikuwa ngumu, na elfu saba ni unga, ni kodi ya nyumba. Lakini ni wangapi waliouliza: hili jicho langu linapelekwa wapi?

Agosti mwaka huo serikali ikasimamisha zoezi lile. Mei 2025 Mahakama Kuu ikasema data hizo zilikusanywa kinyume cha sheria, ikaamuru zifutwe ndani ya siku saba. Alhamdulillahi, haki ilipatikana. Lakini tujifunze. Neno la siri likiibwa, utaweka jengine. Jicho je? Utabadilisha na la nani?

Wengi wetu twadhani intaneti iko hewani tu. La. Inapita kwenye kebo zilizolazwa chini ya bahari, nyengine zilitua hapa hapa Mombasa mwaka 2009, na unachokiandika kinahifadhiwa kwenye kompyuta za watu. Kompyuta hizo zina wenyewe, na wenyewe wanafanya biashara. Wazee wetu husema rahisi ghali.

Chukua mfano wa programu za mikopo ya simu. Unataka elfu mbili ya haraka, unabonyeza "ruhusu", hujasoma kitu. Hapo ushawapa namba ya mamako, ya ustadhi wako, ya mkubwa wako wa kazi. Watu waliaibishwa sana kwa njia hii, jamaa zao wakipigiwa simu kwa deni wasilolijua, mpaka kanuni za Benki Kuu za 2022 zikapiga marufuku. Kwa hivyo kidole chako kimoja kinaweza kuvunja heshima ya watu ambao hawakuulizwa.

Sasa, haki yako ni ipi? Kifungu cha 31 cha Katiba kinakulindia faragha yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuambiwa data yako inatumika vipi, kuiona, kukataa isitumike, na kutaka irekebishwe au ifutwe. Ukidhulumiwa, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Data. Usinyamaze ati wewe ni mtu mdogo. Sheria haikuandikiwa wakubwa peke yao.

Na kabla hujabonyeza "nakubali", jiulize mambo matatu. Wanataka nini kwangu? Wanakitakia nini? Nikijuta kesho, naweza kukirudisha? Programu ya tochi ikiomba namba za marafiki zako, manake shida yake si mwangaza. Ikatae.

Usiku wa leo, kabla hujalala, fungua simu yako uangalie ni programu gani umeziruhusu kuona nini. Usiyoihitaji, iondoe. Kisha mfundishe mdogo wako na mzazi wako.

Wabillahi tawfiq.