Somo juu ya Amri ya Kwanza: Mazuku na Ulozi



Wapenzi wasikilizaji, nanyi makatekista mliokusanya watu mbele ya redio, amri ya kwanza yatukataza kuabudu mizimu, kwenda kwa wapiga ramli, na kushika imani za bure. Maneno hayo twayajua kwa moyo. Leo twataka kuyaingiza ndani ya nyumba zetu, hapa milimani pa Virunga, mahali ambapo bibi humsimulia mjukuu habari za kale penye moto wa jioni.

Wazee wa nchi hizi waliambiana kwamba mtu aliyeingizwa katika ibada ya Ryangombe, akifa, huenda kukaa naye juu ya Karisimbi penye baridi na utulivu. Asiyeingizwa hutupwa Nyiragongo, ateketee ndani ya moto wake. Wengi wameacha ibada hiyo, lakini hofu yake imebaki. Mlima ukitoa moto, husemwa mara moja kwamba wafu wamekasirika, au kwamba wakosefu wanalipwa. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilishuka, ikapita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani Kivu. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu nalo liliharibiwa. Kama moto ule ungekuwa unachagua wakosefu, ungefuata njia gani? Bwana wetu mwenyewe alitaja wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakana kwamba walikuwa wakosefu kupita wenyeji wengine wa Yeruzalemu. Hayo yatosha juu ya mlima.

Neno linalotuhuzunisha zaidi ni mazuku. Ninyi mkaao kati ya Goma na Sake mwajua vema. Mtoto apelekwa kuchunga alfajiri, ashuka katika bonde dogo, na jua likichomoza aonekana amelala pamoja na mbuzi wake, wote wafu, bila jeraha, bila damu. Wazee waliita jambo hilo upepo mbaya utembeao usiku. Kisha baba wa mtoto huuliza: ni nani aliyeutuma?

Wenye elimu ya volkeno wamepima upepo huo. Ni gesi iitwayo kaboni dioksidi, itokayo chini ya ardhi kwa njia ya nyufa za mawe. Haina rangi wala harufu. Uzito wake wapita hewa ya kawaida mara moja na nusu, kwa hiyo hutulia mashimoni kama maji katika bakuli. Usiku usio na upepo hujaa; jua na upepo huitawanya. Katika hewa, sehemu zake zikipita 10 kwa 100, mtu huweza kuzimia upesi, na katika mashimo mengine huzidi mno kiasi hicho. Mtoto na mbuzi hufa mbele ya mtu mzima kwa sababu vichwa vyao vi karibu na ardhi.

Hapa yatupasa kuwatendea wazee haki. Walipokataza watoto kulala mabondeni, au kupita humo kabla ya jua kupanda, walisema kweli tupu, na makatazo yao yameokoa watu wengi kabla chombo chochote cha kupimia hakijafika. Katazo hilo lishikeni! Kosa limo katika lile swali la baba. Mara likiulizwa, mfumu hulipwa kuku, naye hutaja jina. Na jina hilo karibu siku zote ni la mjane mzee asiye na mwana wa kumtetea. Katika Kivu akina mama wa namna hiyo wamepigwa, wamefukuzwa mashambani mwao, wengine wameuawa, na kati ya wapigaji walikuwamo watu waliobatizwa.

Swali: Mkristu amtajaye jirani kuwa mlozi kwa neno la mfumu avunja amri gani?
Jibu: Avunja ya kwanza, kwa kumwendea mfumu, ya nane, kwa kumshuhudia jirani uwongo, na damu ikimwagika, ameshiriki kuivunja ya tano.

Makatekista, msingoje maafa. Nendeni pamoja na wazee, maana wao ndio wayajuao mashimo yale, mkayazungushie miti na miiba. Penye shaka, msiteremke na taa ili kujaribu: mwali ukizimika, hewa imekwisha kuwa ya hatari. Na mtu akianguka shimoni, asishuke mwingine kumtoa, hata akiwa ni mama yake, kwa maana yule amfuataye huanguka juu yake. Iteni watu, mvuteni kutoka juu kwa kamba au kwa mti mrefu wenye ndoano, mkamlaze mahali palipoinuka, penye upepo.

Somo lijalo litakuwa juu ya amri ya pili.