Brashi Mpya ya Kunyolea Ndevu


Umenunua brashi ya kunyolea ndevu ya manyoya ya nguruwe, nayo inanuka kama zizi? Usiitupe. Harufu hiyo ni ya manyoya yenyewe, na huisha kwa kuoshwa.

Iloweke katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 10. Maji yanayochemka huharibu manyoya na gundi inayoyashika. Ipake sabuni, izungushe kiganjani hadi povu lijae, kisha isuuze vizuri. Ikung'ute, uianike penye hewa. Rudia kila siku kwa wiki moja hivi. Taratibu ncha za manyoya hupasuka na kulainika. Manyoya machache yakidondoka mwanzoni, usishtuke.

Usafi wa brashi una historia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, brashi za singa za farasi zenye vijidudu vya ugonjwa wa kimeta ziliwaambukiza wanajeshi wa Uingereza na Marekani. Kwa hiyo nunua kwa muuzaji unayemwamini, wala usiazimane brashi na mtu. Kwa asiyetumia kitu cha nguruwe, zipo brashi za nailoni.

Kinga ni bora kuliko tiba.