Hofu ya Mama Ina Kazi Yake

  

Leo tunauliza: je, hisia zetu zina faida, au hutupotosha tu? Mara nyingi mama husema usiku, "Nina wasiwasi na huyu mtoto." Naye huambiwa, "Wacha woga, atapona." Basi hunyamaza, akangoja asubuhi. Wakati mwingine asubuhi huwa ni kuchelewa.

Mama, usiidharau hofu yako. Ukiogopa, moyo hupiga mbio, usingizi hupotea, na masikio huwa makini. Mwili unakutayarisha kuchukua hatua. Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Huko Marekani kuna mwanamke ambaye wanasayansi humtaja kwa herufi mbili tu, S.M. Ugonjwa usio wa kawaida uliharibu sehemu ndogo ya ubongo wake inayohusika na hofu. Mwaka wa 2010 walieleza kwamba hata nyoka hawakumtisha. Anafikiri na kuongea vizuri. Je, kukosa hofu kulimfanya awe salama zaidi? La. Usiku mmoja alitishiwa kwa kisu bustanini, na kesho yake akapita papo hapo tena. Akili bila hofu haikumlinda.

Lakini hofu peke yake pia haitoshi. Hofu ni kama mlinzi wa usiku. Akibisha mlango, humfukuzi, wala hukimbii ovyo. Unachukua taa, unaangalia kuna nini.

Basi, ukiwa na wasiwasi juu ya mtoto, mwangalie hivi. Je, anashindwa kunyonya au kunywa? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea sana au haamki? Kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi? Ukiona hata dalili moja kati ya hizi, mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku.

Akikohoa au akipumua kwa shida, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 au zaidi, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50 au zaidi, na wa mwaka 1 hadi miaka 5 akifikisha 40 au zaidi, anapumua haraka mno. Usingoje. Na mtoto wa chini ya miezi 2 akiwa na joto jingi, au akiwa baridi kupita kawaida, mpeleke pia.

Kuna wakati hofu hukosea. Mtoto akichanjwa huweza kupata joto kidogo, na mama akaogopa kurudi kliniki. Hapo muulize muuguzi. Hofu huleta swali. Jibu hupatikana kwa kuangalia na kuuliza.

Na hasira je? Mtoto akilia usiku kucha, mama aliyechoka huweza kukasirika. Hasira hiyo haikufanyi kuwa mama mbaya. Inakuambia umechoka na unahitaji msaada. Mlaze mtoto chali mahali salama, toka nje kidogo, upumue, umwite jirani au mama mkwe akupokee. Usimtikise mtoto kamwe. Ubongo wake huweza kuumia vibaya.

Nanyi akina baba na nyanya, mama akisema, "Moyo wangu haujatulia," msimcheke. Washeni taa mmtazame mtoto pamoja, kisha mtafute usafiri ikihitajika.