Kutoka Bwejuu hadi Jiangsu

Msikilizaji, mtoto wa Bwejuu ameishika China mkononi kabla hajaiona kwenye ramani: kandambili, tochi, simu ya mama. Lakini muulize jimbo la Jiangsu liko wapi huko China, atanyamaza. Kosa hilo ni letu watu wazima, si lake.

Jiangsu si mgeni Unguja. Tangu mwaka 1964 madaktari wa jimbo lile wamekuwa wakija Zanzibar kwa zamu kututibu.

Basi mwalimu anayefundisha China aanzie ufukweni. Maji ya bamvua yakishapwa, watoto huwaona mama zao wameinama, maji magotini, wakifunga vitawi vya mwani kwenye kamba iliyowambwa baina ya vigingi. Pwani ya Jiangsu nako, kwenye matope mapana yanayoachwa wazi maji yakipwa, wakulima hulima mwani wa aina nyingine, kwenye nyavu, wakati wa baridi. Wetu tunausafirisha mkavu, ukasagwe kwenye viwanda vya ng'ambo. Wao, mwani wao huugeuza karatasi nyembamba za kuliwa, kiwandani, huko huko kwao. Hapo mtoto atauliza mwenyewe: kwa nini kule kuna baridi? Mto Yangtze unamwaga wapi? Kiwanda kama kile kinahitaji nini?

Jangwa la Gobi, milima ya Tibet na treni za kilomita 300 kwa saa zitafuata, na zitaeleweka.

Walimu wetu wa Wilaya ya Kusini, tundikeni ramani ukutani, kisha wachukueni watoto pwani.